Kitako cha Gorogoro: Podikasti za Historia Kabla ya Chuo Kikuu

Podikasti, yaani kipindi cha sauti kinachowekwa katika intaneti ili msikilizaji akipakue na kukisikiliza saa anayoitaka mwenyewe, ni chombo kichanga mno kikilinganishwa na redio, kwa kuwa hata jina lake la Kiingereza lilianza kuonekana gazetini mwaka 2004. Hata hivyo, katika muda huo mfupi kimekuwa mlango ambao vijana wengi wa Kenya huupitia kuingia katika historia kabla hawajaketi katika ukumbi wa mihadhara, na mlango huo hauna bawabu. Kitabu cha kiada hupita mikononi mwa wahariri na wakaguzi wa mitaala kabla ya kufika darasani, na makala ya jarida la kitaaluma husomwa kwanza na wataalamu wengine wa fani hiyohiyo, utaratibu unaoweza kuitwa uhakiki wa wanataaluma wenza; podikasti huhitaji mtu mmoja mwenye simu na sauti inayopendeza. Insha hii inazitumia kumbukumbu za mwandishi wake, aliyemaliza kidato cha nne mjini Machakos mwishoni mwa mwaka 2017 na kuanza shahada ya historia mwaka uliofuata, ili kuchunguza jinsi msikilizaji asiye na mwalimu anavyoweza kujua ni msimulizi yupi wa kuaminiwa.

Muda kati ya mtihani wa kidato cha nne na siku ya kuripoti chuoni hukaribia miezi tisa au kumi, nao Wakenya wengi huutumia kujifunza kompyuta au udereva, kutafuta vibarua, au kukaa tu nyumbani hadi wazazi wachoke kuwaona. Mwandishi aliutumia katika duka la nafaka la shangazi yake karibu na soko la Marikiti, akipima ndengu, mbaazi na maharagwe mchana, na jioni akipitia saiba, kama wakazi wa mji wanavyouita mkahawa wa intaneti, kupakua vipindi vya historia na kuvihamishia kwenye kadi ya simu, kwa sababu bei ya bando haikumruhusu kusikiliza moja kwa moja mtandaoni. Ufinyu huo ulikuwa na faida ambayo haikuonekana wakati ule, kwani kadi ndogo ikijaa humlazimu mwenyewe kuamua kipindi kipi kifutwe ili kingine kipate nafasi, na hakuna awezaye kuamua hivyo bila kujiuliza ni kipi kinachostahili kubaki.

Mwanzoni kigezo kilikuwa sauti peke yake. Vilivyobaki katika kadi ni vipindi vyenye msimulizi wa sauti nzito, muziki wa ngoma chini ya maneno, na masimulizi yasiyosita hata mara moja; vilivyofutwa ni vile ambamo mtu alisema huenda, inaelekea, au kwamba hapa ushahidi ni mchache, maneno ambayo kijana wa miaka kumi na minane aliyachukua kuwa dalili ya mtu asiyeijua kazi yake. Kosa hilo lina asili inayoeleweka, maana somo la Historia na Serikali katika shule za sekondari hutahiniwa kwa hoja zinazohesabiwa na kupewa alama, na mtahiniwa aliyezoea kuorodhesha sababu tano za kuanguka kwa milki fulani hana mahali pa kuliweka neno huenda.

Kigezo cha pili kilitoka dukani. Gorogoro, kopo la bati linalobeba takriban kilo mbili za nafaka, ndicho kipimo cha soko zima, na udanganyifu wake unajulikana na kila mtu: kopo likibonyezwa kitako kuelekea ndani, mteja hupunjwa viganja kadhaa vya ndengu bila kuona, kwa kuwa juu limejaa mpaka likafanya kichuguu. Kwa hiyo mnunuzi mzoefu haangalii juu. Mzee mmoja wa kutoka Masii, aliyekuja karibu kila siku ya soko, alikuwa hasemi bei wala salamu ndefu kabla ya kutamka, “Mama, geuza nikione kitako,” naye shangazi, bila kununa, aliligeuza kopo na kuligonga kwa kidole, akijibu, “Tazama, mzee wangu, kitako ni kile kile cha kiwandani.” Mwandishi aliliona tendo hilo mara nyingi sana kabla halijamjia wazo kwamba kipindi cha historia nacho kina kitako, na kwamba namna rahisi ya kukigeuza ni kutafuta kwanza kile ambacho msimulizi amesema kuhusu mahali ambapo msikilizaji mwenyewe anapajua.

Kipimo hiki cha nyumbani kilifanya kazi mara moja. Msimulizi mmoja mwenye wafuasi wengi, ambaye hakuna haja ya kumtaja, alieleza jinsi garimoshi la kwanza lilivyoingia Machakos likipiga king'ora mbele ya umati ulioduwaa, na king'ora chenyewe kikasikika katika kipindi. Reli ya Uganda haikupita Machakos. Ilikata nyanda za Athi, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwezi Mei 1899, ikiuacha mji pembeni, na mkazi wa Machakos hahitaji kitabu kulijua hilo, kwa kuwa upweke huo wa kuachwa na reli ndio uliouamulia mji hatima yake. Tatizo halikuwa kosa lenyewe, maana kila msimulizi hukosea. Tatizo lilikuwa king'ora. Mtu aliyeongeza sauti ya kitu ambacho hakikutokea alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kati ya kusimulia yaliyokuwako na kutunga yanayopendeza, na baada ya hapo msikilizaji hakuwa na njia ya kujua ni sauti zipi nyingine zilizokuwa za kutungwa.

Wiki chache baadaye kipimo kilimgeukia mwandishi mwenyewe. Kila mtoto anayekulia Machakos huambiwa kwamba mji wake ulikuwa mji mkuu wa kwanza wa Kenya, na mwandishi alikuwa amekwisha kuliandika jambo hilo katika daftari zake za shule bila mtu kulipigia mstari mwekundu. Katika mahojiano yaliyorekodiwa vibaya, sauti ikikwaruza na kukatika, mwanahistoria mmoja alisema kwa upole kwamba Machakos haikuwa mji mkuu wa Kenya kwa sababu wakati huo Kenya haikuwapo, na hata utawala uliokuwapo ulikuwa na makao yake kwingine. Mwandishi alikifuta kipindi hicho jioni ileile kwa hasira, akiamini amemkamata mtu mwingine asiyepajua mahali anapopazungumzia.

Alichokuwa amekisema mtaalamu yule kinahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa ni mfano mzuri wa jinsi usemi unavyoweza kubeba ukweli nusu. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilianzisha kituo chake Machakos mwaka 1889, mahali palipopata jina kutokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba wa eneo hilo, na tangu mwaka 1892 kituo kiliongozwa na John Ainsworth. Serikali ya Uingereza ilipolitangaza eneo hilo kuwa himaya yake mwaka 1895, Machakos ikawa makao ya jimbo la Ukamba, na ni makao hayo ya jimbo yaliyohamishiwa Nairobi mwaka 1899 kuifuata reli. Himaya yenyewe ilikuwa na makao yake Mombasa, na hayo hayakuhamia Nairobi hadi mwaka 1905, ilhali jina la Kenya kama jina rasmi la koloni lilikuja mwaka 1920. Hivyo Machakos ilikuwa kituo kikuu cha kwanza cha Waingereza barani, mbali na pwani, sifa kubwa inayotosha kwa mji wowote, lakini si mji mkuu wa nchi ambayo ilikuwa haijapewa jina. Kipimo cha nyumbani, kwa maneno mengine, kina kasoro moja: humchukulia anayepima kuwa hana haja ya kupimwa, na gorogoro lililobonyezwa linaweza kuwa lile la jikoni kwao.

Njia ya mkato ambayo wanafunzi wengi huikimbilia wakifika hapa ni kuangalia cheo: kama msemaji ni profesa, aaminiwe, kama si profesa, aachwe. Historia ya utangazaji wenyewe inaivunja njia hiyo. Mwaka 1963, wakati Wakenya walipokuwa wakisubiri uhuru wao wa Desemba, televisheni ya BBC ilirusha mihadhara ya Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford aliyeshika kiti ambacho mwenye kukikalia huteuliwa na Ufalme, ambamo alidai kwamba labda siku zijazo kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundishwa, ila kwa wakati ule iliyokuwako ni historia ya Wazungu barani Afrika tu na kilichosalia ni giza. Cheo kilikuwa cha juu kuliko vyote, chombo kilikuwa cha kuheshimika, na dai lilikuwa ovyo, kwa sababu ambayo haihusiani na cheo hata kidogo: msemaji alikuwa akizungumzia jambo ambalo hakuwa amelifanyia utafiti. Miaka 16 baadaye, mwaka 1979, shirika hilohilo lilimpa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, nafasi ya kutoa mihadhara ya redio iitwayo Reith, ambayo rekodi zake zimehifadhiwa na husikilizwa hadi leo, nayo ni tamu mno kwa masikio; lakini hata hapo msikilizaji mwangalifu hutambua kwamba Mazrui, aliyekuwa mtaalamu wa siasa, alikuwa akijenga hoja juu ya hali ya bara zima, na hoja, hata ikiwa kali, hupimwa tofauti na ushahidi.

Kwa upande mwingine wapo wasiokuwa na cheo na ambao hawajifichi. Dan Carlin, Mmarekani ambaye vipindi vyake vya historia huchukua saa nyingi hivi kwamba kimoja kiliweza kumaliza gunia la mbaazi, huwakumbusha wasikilizaji wake kwamba yeye si mwanahistoria, na ungamo hilo humsaidia msikilizaji kuliko shahada tatu zisizotajwa zilikopatikana. Kipindi cha In Our Time cha redio ya BBC, kilichoanza mwaka 1998, huwaketisha wasomi watatu wa mada moja meza moja, nao mara kwa mara hupingana papo hapo, jambo ambalo msimulizi anayezungumza peke yake hawezi kulifanya hata akitaka. Tena ukurasa wa kipindi huorodhesha vitabu vya kusoma zaidi. Kwa masuala ya bara hili, Africa Past and Present, podikasti iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, imewahoji watafiti kuhusu kazi walizozifanya wenyewe, na swali linalorudiwa humo kwa sura mbalimbali ni walipata wapi habari zao. Sauti katika vipindi vya aina hiyo mara nyingi si nzuri. Mwandishi alichelewa kugundua kwamba sehemu iliyomchosha, ile ya mtu kueleza jinsi alivyosafiri, aliyemwuliza, na faili alizozikosa, ndiyo sehemu yenye kitako.

Mfano ulioyafanya haya yote yashikike ni kipindi kimoja cha mfululizo wa BBC na Jumba la Makumbusho la Uingereza wa mwaka 2010, uliosimulia historia ya dunia kwa vitu mia moja, ambamo kimojawapo ni vigae vya vyungu vilivyookotwa Kilwa Kisiwani, katika pwani ya Tanzania. Vigae ni vidogo na havina thamani sokoni: vingine ni vya kauri ya kijani hafifu iliyotoka Uchina, vingine vina rangi ya vyombo vya nchi za Kiislamu, na vingine ni vya udongo wa kahawia uliofinyangwa papo hapo. Msimulizi hakuanza na sifa za Waswahili wala utajiri wa masultani. Alianza na vipande hivyo, kisha akauliza vimefikaje pamoja pwani moja, na biashara ya Bahari ya Hindi ikatokeza yenyewe. Wanahistoria hukiita kitu cha namna hiyo chanzo cha msingi, yaani masalio, maandishi au ushuhuda uliotoka katika wakati unaochunguzwa, tofauti na chanzo cha pili, ambacho ni maelezo ya mtu aliyekuja baadaye kuvitafsiri vyanzo vya msingi. Podikasti karibu zote ni chanzo cha pili, na nyingi ni cha tatu au cha nne, yaani mtu amesoma kitabu cha mtu aliyesoma kitabu.

Ipo hatari kwamba msikilizaji wa Ukambani akishika fundisho hili vibaya ataanza kudharau kila kisichoandikwa. Kisa cha Syokimau, nabii wa kike wa Wakamba anayesemekana kutabiri ujio wa nyoka mrefu kutoka baharini na wa watu wageni wanaobeba moto mifukoni, husimuliwa katika podikasti nyingi kama jambo lililothibitishwa, na katika nyingine hutupwa kama hekaya. Aina zote mbili zinakwepa kazi. Swali la mwanahistoria si kama mtu anaweza kutabiri. Ni lini utabiri huo ulianza kusimuliwa kwa maneno hayo, kabla ya reli au baada yake, ni nani aliyeusimulia, na ulimsaidia nini. Mapokeo simulizi, yaani habari zinazopokezwa kwa mdomo kutoka kizazi hadi kizazi, yana kanuni zake za uchunguzi, na Bethwell Ogot alizitumia alipokusanya masimulizi ya wazee ili kuandika historia ya Wajaluo iliyochapishwa mwaka 1967, enzi ambayo wengi katika vyuo vya Uingereza walikuwa bado wanashikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Ogot huyohuyo alikuja kuongoza kamati ya kimataifa ya UNESCO iliyosimamia Historia ya Jumla ya Afrika, kazi ambayo mwanzoni ilikuwa ya juzuu nane. Msimulizi wa podikasti anayetaja mapokeo ni lazima aulizwe yaleyale Ogot aliyojiuliza: mzee gani, wa ukoo upi, na je, mzee wa ukoo wa pili anasema hivyohivyo?

Kipimo hikihiki kilihitajika pia katika suala la mmomonyoko wa udongo, ambalo linaweza kupitiwa kwa haraka, ingawa Machakos inajulikana duniani kwa hilo kuliko kwa lingine lolote. Maafisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 waliandika kwamba ardhi ya Wakamba ilikuwa imeharibika karibu kufa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wakachapisha utafiti ulioonyesha kwamba kati ya mwaka 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano na bado mmomonyoko ukapungua, hasa kwa matuta yanayochimbwa na kutupiwa udongo upande wa juu, ambayo wataalamu wa nchi zote huyaita kwa Kiswahili, fanya juu. Wakosoaji wakauliza kama maskini wa maeneo makavu walifaidi sawa na wenye mashamba ya vilimani, na ni kiasi gani cha fedha kilitoka kwenye mishahara ya Nairobi. Podikasti iliyolitaja jambo hili kama muujiza na ile iliyolitaja kama uongo wa wafadhili zilifutwa siku moja, nayo iliyowaruhusu watu wawili kubishana ikabaki kwenye kadi mpaka kadi yenyewe ilipoharibika.

Jaribio la mwisho kabla ya kwenda chuoni lilihusu maandamano ya mwaka 1938. Serikali ya kikoloni, ikidai kuokoa udongo, ilikuwa imeanza kuwalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe, na mifugo iliyotwaliwa iliuzwa kwa bei ya kutupa wakati kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River. Muindi Mbingu, kiongozi wa Chama cha Wanachama wa Ukamba, aliwaongoza watu mwishoni mwa Julai kwenda Nairobi kwa miguu kumwona Gavana Brooke-Popham, wakapiga kambi mjini humo, Kariokor, kwa wiki kadhaa. Mbingu alihamishiwa Lamu kama mfungwa wa kisiasa, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ililegeza amri yake ya kuuza mifugo kwa nguvu. Jina lake sasa ni la mtaa katikati ya Nairobi. Hadi hapo vipindi vyote vilikubaliana. Vilipofika kwenye idadi ya waandamanaji vikatawanyika: kimoja kilisema 1,500, kingine 3,000, kingine zaidi, na hakuna hata kimoja kilichosema nani alihesabu, ilhali afisa wa serikali alikuwa na sababu ya kuipunguza idadi na chama kilikuwa na sababu ya kuiongeza.

Mwandishi alikuwa na bibi, au susu kama Wakamba wanavyosema, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa walioenda. Mwezi mmoja kabla ya kuripoti chuoni alimwendea nyumbani, akamwomba ruhusa ya kumrekodi, akaiweka simu juu ya ungo wa maharagwe uliokuwa katikati yao. Kabla ya kusimulia lolote, na bila kuulizwa, bibi alieleza kwamba yeye hakuwapo, kwamba alikuwa hajazaliwa, kwamba aliyasikia kwa baba yake mara mbili, mara ya kwanza wakiwa malishoni na mara ya pili siku ya matanga ya nduguye baba, na kwamba mara ya pili alikuwa amekunywa na huenda aliongeza. Kisha akasimulia njaa ya njiani na vumbi la Athi. Alipofikia Nairobi, mjukuu aliuliza swali lililomsumbua miezi yote ile.

“Susu, baba alisema walikuwa wangapi?”

Bibi aliendelea kuchambua maharagwe, akatoa kijiwe, akakitupa nje ya mlango.

“Hakuhesabu,” alisema. “Alikuwa anatembea.”